Magadi ya Mwaisha, Mafuta ya Hidaya

Soko la Morogoro lilifurika watu walioteremsha mboga kutoka Uluguru, lakini Mwaisha, muuza magadi, alimwona mtu mmoja tu. Stambuli, fundi wa motokaa, aliyemwahidi kuleta posa baada ya mavuno! Shati jeupe limepigwa pasi, na yuko wapi? Kwa Hidaya, muuza mafuta ya taa, mwenye kipini cha fedha puani na cheko linalosikika mpaka stesheni.

“Jaza debe, bibie,” Stambuli alisema.

“Wewe nitakujazia mpaka limwagike, macho yangu.”

Mwaisha akamwacha mteja na mizani yake, akavuka njia.

“Debe la nini hilo, Stambuli?”

“La kuoshea injini ya bwana wa shamba. Nimeifungua, imeganda grisi...”

“Magadi yangu yanang'arisha masufuria ya mji mzima. Leo hayafai?”

“Yanafaa, roho yangu, ila...”

“Ila hayana kipini puani!”

Siku hizo simu ilikuwa ya Wajerumani peke yao. Mwanamke akitaka kumkatia mwanamume maneno ilimbidi aondoke kwa miguu yake. Mwaisha akaondoka, kanga mpya zikichakarisha kwa hasira.

Alasiri akafunga magadi kwenye kitambaa, akaenda bandani kwa Stambuli. Mwenyewe alikuwa msikitini. Injini ilikaa nusu nzima, nusu vipande. Sufuria kubwa ilichemka mekoni, na kando yake, ndani ya karai la mafuta ya Hidaya, mfuniko mweupe wa injini ulijilaza kama bibi harusi.

“Leo utaoga kwangu,” Mwaisha akauambia. Akautumbukiza sufuriani, akamwagia magadi yote.

Sufuria ikafoka povu mpaka motoni.

“Mama yangu!”

Stambuli akaingia mbio, akauchomoa mfuniko kwa koleo. Ulikuwa mweusi kama chungu.

“Mwaisha! Chuma hiki cheupe magadi yanakitafuna! Na bwana anarudi kesho kutoka Ngerengere.”

Wote wawili waliijua hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano, mbele ya watu.

“Mwambie ni mimi,” Mwaisha akanong'ona.

“Nitasema ni mimi. Mgongo wako nauposa, siupeleki kwenye kiboko.”

Akaiinamisha sufuria. Ndani yake, chini, misumari na vyuma vya injini vilimetameta.

“Magadi yako ya juzi yapo motoni tangu asubuhi. Chuma cheusi kwa magadi, cheupe kwa mafuta. Hiyo ndiyo ile ‘ila’ uliyonikatiza sokoni.”

Mwaisha akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha akainua uso.

“Una ndimu?”

“Za nini?”

“Lete, usiulize.”

Wakakamua, wakasugua bega kwa bega, weusi ukatoka taratibu. Jua lilipogusa milima mfuniko ulikuwa mweupe tena, umebaki na doa la ukubwa wa ukucha tu, nalo likafichwa na mshipi wa ngozi wa injini.

“Na lile shati jeupe?” Mwaisha akauliza, moyo haujatulia bado.

“Nililivaa kwa kuwa wewe uko sokoni. Ijumaa wazee wangu wanakuja kwenu.”

“Waje. Lakini mafuta ya taa, tangu leo, nakununulia mimi.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka Hidaya azeeke.”