Mgeni wa Chumba Namba Sita

Foleni ya benki Kitengela mwisho wa mwezi haina mwenyewe. Watu walikuwa wamejipanga mpaka nje, jua likiwachoma visogo na vumbi la malori ya saruji likiwatua mabegani, na katikati yao alisimama Mbeke Kiema, blauzi ya manjano, sketi ya kitenge iliyomkaa barabara. Hakuwa na habari na foleni. Alikuwa akiandika kwa simu, vidole vikimwenda mbio, kwa sababu juzi kampuni ya kuuza ploti iliyomwajiri iliwalaza yeye na wenzake katika Hoteli ya Stesheni, Kajiado, na alitaka ulimwengu mzima ujue yaliyompata.

Hakuwapunja. Aliandika kwamba jengo ni zuri, la mawe, la tangu enzi za reli, na kwamba chai yao hajaonja mfano wake. Lakini bomba la chumba namba sita, akaandika, linalia kama ndama aliyetengwa na mama yake. Akawapa nyota mbili.

"Si ndama," ilisema sauti nyuma ya bega lake. "Ni hewa imeingia kwa paipu. Lakini nyota mbili, dada, hapo umenionea."

Mbeke aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, bangili ya shanga mkononi, tabasamu lisilo na haya hata kidogo. Jina lake Isaac Lemayian, na ndiye aliyekuwa meneja wa hoteli hiyo hiyo. Mbeke alimwambia kusoma simu ya mtu ni tabia mbaya. Isaac alikubali, akaomba radhi, kisha akaomba namba. Walipofika dirishani alikuwa amepewa namba, ila nyota ya tatu hakupewa.

Basi mapenzi yakaanza, na yakawa matamu. Isaac alikuwa akija Kitengela kila Jumapili, na siku za kazi wakipigiana simu mpaka masikio yanapata moto. Kwa kuwa Mbeke alikuwa na mkono mwepesi wa kuandika, akawa ndiye anayewajibu wageni walioacha maoni yao mtandaoni. Ilikuwa kazi ya kuchekesha. Mmoja aliandika kwamba sakafu ile ya mbao ilimkumbusha kwa nyanya yake, na atarudi. Mwingine akaandika kwamba sakafu ilimkumbusha kwa nyanya yake, na hatarudi ng'o. Maharusi walisifu beseni la kuogea lenye miguu ya simba. Mfanyabiashara akalalamika kwamba maji ya beseni hilo hilo ni barafu. Mbeke aliwajibu wote kwa adabu, kisha akampigia Isaac wakacheka pamoja.

Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshaumwa. Kabla ya Isaac kulikuwa na Felix, na Felix alikuwa na mke, na Mbeke aliyajua hayo siku mke huyo alipompigia simu akimwita kwa jina. Tangu hapo pua yake ilinusa kila kitu. Tena kulikuwa na baba yake, Mzee Kiema, aliyehama Makueni uzeeni akaenda kulima vitunguu Entarara. Mzee alikuwa amesema mbele ya watu kwamba binti yake hataolewa kwenye boma la ng'ombe, na Isaac ni Mmaasai. Kwa hiyo Isaac alipotaka kwenda kujitambulisha, Mbeke alimwambia angoje kwanza. Isaac alisema sawa. Aliisema upesi mno, na hapo ndipo Mbeke alipopaswa kushtuka.

Shaka iliingia kupitia kwa mgeni mmoja aliyeitwa Valerie. Huyu aliandika kwamba chumba kilikuwa safi, lakini chai yake ilipoa akimsubiri meneja, ambaye yuko kwenye simu kila saa akicheka na mtu anayemwita Pakine. Mbeke aliyasoma maneno hayo, akayasoma tena, halafu akapiga simu.

"Mpenzi, Pakine ni nani?"

"Ni rafiki tu, babe. Kwani?"

"Rafiki wa wapi?"

"Wa mbali kidogo. Tutaongea, niko na wageni hapa."

Simu ikakatwa. Mbeke alibaki ameishika. Jina hilo hakuwa amelisikia maishani, nalo lilimlia masikioni kwa sauti ya kike. Angeweza kumwuliza Mmaasai yeyote pale kazini, lakini nani atataka ofisi nzima ijue anatafuta nini?

Jumapili iliyofuata walikuwa wakila nyama choma, Isaac akimchagulia vipande laini vya mbavu, simu ya Isaac ilipowaka mezani. Pakine. Isaac aliinyakua, akaenda kusimama kule kwenye magari. Mbeke alimfuata kama anayekwenda kunawa mikono, akamsikia akisema kwa sauti ya upole, ile aliyodhani ni yake peke yake, "Hapana, hajui kitu. Usijali."

Hakurudi mezani. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, akalia mpaka macho yakamvimba. Simu za Isaac hakupokea. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi angemtukana na kulala usingizi.

Aliyemwaga mtama ni Nalangu, dada yake Isaac, aliyekaa mapokezi pale hotelini. Alipiga simu kwa furaha zake, akauliza mbona wifi amewatoroka, na Jumamosi hii wako na kazi mingi. Mgeni wa Isaac anakuja. Isaac ameagiza namba sita isuguliwe mpaka ing'are, amenunua na mashuka mapya.

"Mgeni gani?" aliuliza Mbeke.

"Si huyo Pakine wake. Hata mimi sijawahi kumwona."

Jumamosi Mbeke alivaa gauni jekundu, lile linalobana kiunoni, akachora midomo, akaenda Kajiado kumaliza maneno. Barazani wageni walikuwa wakipiga picha paa la mabati lililoshika kutu. Mama mmoja aligomba kuhusu maji. Nalangu alifungua mikono amkumbatie, Mbeke akampita kama upepo, akapanda ngazi, mbao zikilia chini ya viatu vyake. Mlangoni pa namba sita alijikaza, akagonga. Ndani, bomba lilikuwa likiomboleza vilevile.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Kiema, koti lake la kanisani, soksi bila viatu, taulo begani.

"Mbeke," alisema. "Mama, hii paipu inalia hivi tangu nifike. Wewe ulilala aje hapa?"

Nyuma ya Mbeke hatua zilikuja mbio, na sauti ya Isaac ikasema, "Pakine, chai yako," kabla ya kuliona gauni jekundu na kuganda na sinia mikononi.

"Baba, Pakine ni wewe?"

Mzee aliketi kitandani akaeleza. Miezi iliyopita kijana huyu alifika Entarara akivuta mbuzi kwa kamba, akainamisha kichwa kama mtoto ili mzee amguse utosini, salamu ya Kimaasai kwa wazee. Mzee alimwambia arudi na mbuzi wake. Kijana hakubembeleza, aliuliza habari za vitunguu, akashinda shambani akitengeneza pampu, na alipoondoka mbuzi alibaki amefungwa pale pale. Majirani ndio waliomfundisha mzee kilichotokea: kwa Wamaasai, aliyetoa mbuzi na aliyepokea huacha majina yao, wakaitana Pakine.

"Nilikuwa nimesema sitaki Mmaasai," alisema Mzee Kiema. "Sasa utamkataa aje mtu mnaitana jina moja? Mimi ndio nilimwambia anyamaze. Nilitaka nikuje nimeze maneno yangu mbele yako, si kwa simu."

Mbeke alimgeukia Isaac, machozi yakimlenga. "Nilikuambia ungoje."

"Nilingoja nikachoka."

"Na ukasema sijui kitu. Unajua nimelia aje?"

Isaac aliweka sinia sakafuni. "Nilikosea, Mbeke. Niliogopa mzee akibadilisha nia utaumia mara mbili. Lakini sitaki tena kukuficha. Nataka nikuoe. Useme ndiyo ama useme hapana, lakini useme wewe."

Mbeke alifuta macho kwa ncha ya kidole asiharibu wanja, akamtazama baba yake. Alimwuliza kama mbuzi huyo anahesabiwa kwenye ntheo, wale mbuzi ambao bila wao msichana wa Kikamba hajaolewa hata akizaa kumi.

"Hapana," alisema mzee. "Hiyo ni yangu na yeye. Ntheo ni zingine."

"Basi mwambie alete hizo zingine."

Mzee alimtazama Isaac juu ya kichwa cha binti yake.

"Pakine," alisema, "umesikia."