Chatu wa Mzee Kashindye

Kila jioni, akishachota maji na kuosha vyombo, Selina alikwenda nyuma ya banda la mjomba wake Nkwabi kutazama mazoezi. Mchana Nkwabi alikuwa fundi baiskeli hapo Kisesa. Jua likipoa aliweka spana chini, akavaa njuga miguuni, na wenzake kumi na wanne wakaja na majembe kucheza bugobogobo. Majembe yalirushwa juu, yakazunguka, yakadakwa kwa pigo moja la ngoma. Selina alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna alichokipenda kuliko nukta ile majembe yote yakiwa hewani.

Mjomba huyo alikuwa mtu wa vitendawili. Hata mteja mwenye pancha alitegewa kimoja kwanza.

"Kitendawili," alisema jioni moja, akijifuta jasho.

"Tega."

"Hakimu wetu hana kinywa, lakini hukumu yake uwanja mzima unaiona."

Selina alifikiri, akashindwa, akaombwa mji. Akatoa Sengerema. Mjomba akaukataa, akasema huko ndiko wanakotoka wale wanaomshinda kila mwaka, apewe mwingine. Akapewa Geita, akakubali.

"Ni miguu ya watazamaji," alisema.

Ndivyo mashindano yao yalivyokuwa. Vikundi viwili vilicheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na duara lake. Watu walikwenda walikopenda. Filimbi ikilia, duara lenye watu wengi ndilo lililoshinda.

Kikundi cha Mzee Kashindye kutoka Sengerema kilikuwa kimeshinda miaka miwili mfululizo, kwa sababu mzee huyo alicheza na chatu. Mjomba alisema wakishindwa tena atazirudisha ngoma walizoazima kwa wenyewe na mazoezi yatakwisha. Wenzake walikuwa wamechoka kuchezea nyasi tupu, bila watazamaji. Neno hilo lilimkaa Selina kifuani wiki nzima.

Jumamosi, uwanja ulio jirani na Bujora ulijaa mapema. Watu walikuja na watoto mgongoni, miwa mkononi na viti vya plastiki kichwani. Selina alikuwa na Maulida, rafiki yake wa darasa la sita, ambaye hakuwahi kuona chatu na tangu Jumatatu alikuwa hazungumzi jingine. Wageni wa Sengerema walikuwa wamevuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga. Mzee Kashindye, mwembamba, mwenye kofia ya manyoya, alipita na kikapu chenye kifuniko, na watu wakaanza kukifuata kikapu. Ngoma hazijalia, na tayari duara la mjomba lilikuwa linapungua.

Hapo ndipo uongo ulipomtoka Selina.

"Mimi siendi huko," alimwambia Maulida, kwa sauti ya kusikiwa na wengine. "Yule chatu juzi alimkaba mtoto kwenye kivuko."

"Nani kakwambia?"

"Mtu aliyekuwepo."

Mama mmoja muuza karanga akalisikia, akamnyakua mwanawe. Robo saa haikupita, neno likawa limeuzunguka uwanja, tena limenenepa. Watoto waliokabwa walikuwa wawili sasa, na chatu hakuwa amekula tangu Jumatano.

Ngoma zilipolia, mamia ya watu walikuwa kwa mjomba. Selina alijipenyeza mbele. Majembe yakaruka, yakadakwa, na hakuna aliyepiga kofi. Aligeuka kutazama. Miguu ya watu ilikuwa pale, lakini shingo zote zilikuwa zimegeukia upande wa pili. Kila mtu alikuwa amemshika mtoto wake mkono, akichungulia kama nyoka anakuja. Mjomba naye aliliona hilo. Jembe lilimponyoka, likaanguka, jambo ambalo mwaka mzima halikuwahi kumtokea.

Selina akapita katikati ya watu mpaka kwenye lile duara jingine. Palikuwa na bibi mmoja kwenye kiti chake cha plastiki na watoto wawili. Mzee Kashindye alikuwa anawachezea hao watatu kwa makini yote, chatu akiwa ametulia mabegani mwake. Alipomaliza mzunguko aliinama mbele ya yule bibi, kama anavyoinamia uwanja uliojaa.

Filimbi ililia. Wenzake Nkwabi walimbeba juu kwa furaha. Selina alisubiri ashushwe, kisha akamshika mkono.

"Mjomba, hawa wamekuja kwa uongo wangu. Nimesema chatu alimkaba mtoto."

"Kuna mtoto aliyekabwa?"

"Hakuna."

Nkwabi akamwongoza kuvuka uwanja. Selina alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema yote bila kupunguza. Mzee Kashindye alimsikiliza huku akimpapasa chatu kichwani.

"Mjukuu wangu," alisema, "huyu nimemlea miaka tisa. Anawaogopa ninyi kuliko mnavyomwogopa."

Nkwabi akachukua kipaza sauti. Alitangaza kwamba habari ya chatu ni uongo, umetoka upande wake, anaomba radhi, na ngoma zitachezwa upya. Hakumtaja Selina. Mmoja wa wenzake alinung'unika kwamba ushindi umetupwa hivi hivi.

"Huyo mtu aliyekuwepo ni nani?" Maulida aliuliza.

"Hakuna. Nilitunga mimi."

Maulida akamvuta mkono. Walianzia kwa mjomba, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka, halafu wakakimbilia kwa chatu. Watu wengi walifanya vivyo hivyo, wakienda na kurudi, na pande zote mbili kulikuwa na vigelegele. Filimbi ilipolia, Mzee Kashindye alikuwa ameshinda kwa watu wachache tu. Yule aliyenung'unika alikuwa wa kwanza kuuliza mazoezi ya Jumatatu yanaanza saa ngapi. Hakuna aliyetaja tena kurudisha ngoma.

Wakirudi nyumbani, mjomba alikokota baiskeli na Selina alibeba njuga.

"Mtu ameacha kazi zake ili aje kufurahi," alisema mjomba. "Ukimtisha, utaipata miguu yake, lakini furaha yake utakuwa umemnyang'anya. Na yule hakimu wetu hana kinywa, hawezi kujitetea. Kwa hiyo usimdanganye. Mwache aende apendako."

Selina aliitikia.

"Filimbi ilipolia nilikuona kwa Kashindye," mjomba akaongeza.

Selina aliinamisha kichwa.

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi, mjomba."

"Basi umehukumu vizuri," alisema Nkwabi. "Mwakani majembe yangu yatakuvuta urudi kwetu."