Pale Sauti ya Baba Ilipokatikia

Jirani mshona viatu anadai kompyuta ya nyumba ile ilikufa mara tatu siku moja, na kila ilipofufuka ilikumbuka ilipoishia. Anaapa kabisa. Na hakukosea sana.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu baba. Feni yake ilikuwa mbovu. Ikipata moto, inajizima. Ndani yake mlikuwa na video ndefu, baba akimwachia mkewe maneno siku zake za mwisho. Hakuna aliyewahi kuimaliza, maana mashine ilizima kabla. Binti alitaka kuruka mbele, Mama akakataa katakata. Alisema maneno ya mtu hayarukwi kama dimbwi.

Basi binti akaazima diski ya kuchomeka, akaanza kunakili video kwa amri ya cp. Ilipofika nusu, mashine ikazima. Yeye ni fundi cherehani, hapendi kazi nusunusu. Akafuta kile kipande, akaanza upya. Ikazima tena, akafuta tena. Siku ya tatu mashine ilianza kunuka kuungua. Mama hakula.

Ndipo akapita Bi Waya, jirani anayetunza kompyuta za zahanati, kuchukua gauni lake. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Uzi ukikatika, unafumua gauni zima?"

"Hapana, dada. Naanzia ulipokatikia."

"Sasa hiki kipande unakifutia nini?"

Akamweleza kwamba cp haikumbuki kitu. Ukiirudia, inaanza mwanzo. Lakini amri nyingine, rsync, huangalia kwanza kilichokwisha kufika. Akaandika polepole:

rsync -P --append-verify baba.mp4 /media/diski/

Ile -P huonyesha kazi imefika wapi. Lile neno refu huiambia iongeze kilichobaki, kisha ihakiki kwamba nakala nzima inafanana na video ya kwanza. Akaonya kwamba video yenyewe isiguswe mpaka kazi iishe.

Asilimia thelathini na nane, mashine ikazima.

Walipoiwasha baada ya kupoa, mkono wa binti ulienda wenyewe kufuta. Bi Waya akaushika. Wakaandika amri ileile. Namba zikapanda mbio, zikaipita thelathini na nane, zikaendelea kama mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu tu. Ilizima mara mbili zaidi, na mara zote mbili ikaendelea. Hatimaye ikasomeka mia kwa mia.

Diski ikachomekwa kwenye kompyuta ya Bi Waya. Mama alivua viatu, akaketi karibu kabisa na kioo. Baba alisema habari za bomba linalovuja, ufunguo wa kabati, na shemeji asiyefaa kuazimwa baiskeli. Mama akacheka. Kisha wakapita pale mashine ilipozoea kuzima, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Baba akaisogelea kamera.

"Mke wangu, najua upo hapo. Hebu niimbie kile kiwimbo chako cha kufulia."

Baba akatega sikio, akasubiri.