Maji ya Kuoshea Baiskeli

Theodora hakuwa na viatu. Hakuwa na sanduku. Nguo zake za safari zilifungwa ndani ya kanga kuukuu ya mama yake. Hakuwa na mwavuli, hakuwa na dada wa kugawana naye kazi, na kama ungemwuliza mama yake, angekuambia kwamba binti huyo hakuwa na subira hata kidogo. Kitu kimoja tu hakukikosa: maji. Nyumbani kwao Lupaso, karibu na Masasi, kisima kilikuwa nyuma ya shamba la jirani. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alichukua ndoo, akaanza wimbo mlangoni, na aliporudi na maji wimbo ulikuwa bado haujaisha. Maji yaliyobaki aliwamwagia bata, kwa kuwachokoza tu.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, baba yake, Mwalimu Danieli, alimpeleka Chilangala kwa Bibi Mabel, mama wa mama yake. Siku hizo bendera ya Waingereza ilikuwa bado inapepea kwenye boma la Newala. Walipata lori lililokuwa linakwenda kuchukua korosho, wakaketi nyuma juu ya magunia matupu. Lori lilipoanza kuupanda mlima lilinguruma na kukohoa, na kila kona Theodora aliona bonde likizidi kuzama nyuma yao, mpaka miti mikubwa ikawa kama mchicha. Alipiga kelele za furaha, na utingo akamcheka.

Walifika wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Theodora aliwaamkia Bibi Mabel na Mama mkubwa Isabela, dada ya mama yake, wakampokea kwa vigelegele. Kisha akauona mtungi nyuma ya nyumba. Akachota maji, akajaza beseni, akanawa uso, akaosha miguu, halafu akayamwaga yote uani, pwaa!

Priska, binti wa Mama mkubwa Isabela, alisimama na mwiko mkononi kama aliyeona nyoka.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga nini?"

"Maji!"

"Si yalikuwa machafu?"

"Machafu ndiyo nini? Huku kwetu maji ya uso tunaoshea miguu, na ya miguu tunamwagilia miche ya mipapai. Wewe umelinywesha vumbi!"

Bibi Mabel alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwache mke mwenzangu. Huyu ni mtu wa chini ya mlima, amezaliwa na kisima mlangoni. Kesho mtakwenda naye kuteka maji, atajifunza."

Theodora hakupenda kuchekwa. Alikwenda kulala amenuna.

Asubuhi, baba yake alipokuwa akijiandaa kurudi Masasi, wanawake na wasichana wa kijiji walikuwa wameshaanza kushuka bondeni, mmoja nyuma ya mwingine, madebe na mitungi mitupu kichwani. Njia iliteremka kwenye ukingo wa mlima kama ngazi iliyovunjika. Mwanzoni Theodora aliona ni matembezi mazuri ya likizo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, nyani walibweka kwenye miamba, na Theodora alipouliza jina la ua au ndege, Priska alilijua.

"Unajua mambo mengi kama mwalimu," Theodora alisema.

"Ndiyo kazi ninayoitaka. Nimefaulu darasa la nne. Nimechaguliwa kuingia shule ya kati ya wasichana, kule Masasi."

"Masasi! Basi tutakuwa karibu! Unakuja Januari?"

"Siji. Mjomba amekataa."

Baba yake Priska alikuwa ameondoka zamani kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na hata kama angekuwepo, kwa desturi ya watu wa huko mwenye kauli juu ya watoto wa dada ni mjomba. Na Mjomba Cyril, mtoto wa kiume wa Bibi Mabel, alikuwa ametoa kauli yake. Mama mkubwa Isabela aliumwa kiuno, Bibi alikuwa mzee. Priska akienda shule, nani atateka maji?

"Shule inataka jibu kabla ya Krismasi," Priska alisema taratibu. "Wasipolipata, nafasi yangu atapewa mwingine."

Chini bondeni maji yalitoka kwenye chemchemi kidogo kidogo, kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Walingoja zamu yao mpaka jua likawa kali. Kisha wakaanza kupanda. Hapo ndipo Theodora alipoyajua maji. Debe lilimkandamiza shingo, mawe yalimchoma nyayo. Katikati ya mlima alikaa chini akitaka kulia. Priska hakumcheka. Alipunguza maji ya debe la Theodora akayaongeza kwenye lake, akayatandazia majani juu yasimwagike, akasema, "Twende, tumekaribia," ingawa hawakuwa wamekaribia.

Walipofika nyumbani walimkuta Mjomba Cyril uani.

Mjomba Cyril alikuwa kijana safi, hajaoa, anakula kwa mama yake. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la jioni la misheni, na alijivunia hati yake. Lakini kuliko yote alijivunia baiskeli aliyoinunua kwa korosho zake. Kila Jumamosi aliiosha mpaka ikang'aa. Theodora alitua debe lake kwa shida. Kabla hajanyoosha mgongo, mjomba alilinyakua na kuyamwaga maji juu ya gurudumu.

"Mjomba! Hayo ni maji ya kunywa!"

"Na baiskeli nayo ina kiu," mjomba alisema akicheka. "Hebu niletee kitambaa."

"Sileti!"

Mjomba alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya gurudumu.

"Umesemaje wewe?"

"Sileti, Mjomba! Shingo yangu haigeuki! Priska anashuka huko kila siku, na wewe unaosha matairi! Umemnyima shule kwa ajili ya nini? Ili baiskeli ipate kuoga?"

Mjomba Cyril aliinuka, uso umemvimba. "Dada Isabela! Unamsikia mtoto wa mdogo wako? Siku hizi huko Masasi watoto wanafundishwa kuwatukana wajomba? Jumatatu lori likipita, huyu arudi kwao! Na habari ya shule nisiisikie tena humu ndani!"

Priska aliangua kilio. "Theodora, umeniharibia! Nilikuwa nangoja Bibi azungumze naye polepole. Sasa hatakubali kamwe!"

Theodora alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Hasira ilikuwa bado inamchemka, maana aliona wazi kwamba amesema kweli, lakini sasa ilichanganyika na hofu.

Bibi Mabel alitoka jikoni, akajifuta mikono. "Cyril, mtoto amekosa adabu, na adabu nitamfundisha mimi. Wewe nijibu swali moja. Njia ya bondeni umeipita lini?"

"Sijaipita tangu nilipokuwa mdogo, Mama. Lakini kuteka maji si kazi ngumu. Si wanakwenda wakiimba?"

"Vizuri. Kama si kazi ngumu, kamrudishie mtoto maji yake. Sasa hivi."

Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye ua. Mjomba Cyril aliwatazama, akaona aibu kukataa. "Nitawaonyesha," akasema. Akafunga madebe mawili kwenye baiskeli, akashika njia ya lori, ile inayozunguka mlima hadi bondeni.

"Jamani, bwana arusi anakwenda kutafuta maji!" alipaza sauti jirani mmoja, Mama Sijaona. "Cyril, umesahau ngata ya kichwani!"

Vicheko vilimsindikiza mpaka akapotea.

Alirudi jua likielekea kuzama, akiisukuma baiskeli. Debe moja lilikuwa tupu, kwa kuwa lilipinduka kwenye mawe. La pili lilikuwa nusu. Shati lilimganda mwilini. Alikaa juu ya kinu, na Bibi alipompa maji ya kunywa kwenye kata, aliyatazama kwanza.

"Priska," alisema mwishowe, "kila siku?"

"Kila siku, Mjomba. Kiangazi kikizidi, mara mbili."

Mjomba Cyril aliruka akasimama. "Na mmeninyamazia miaka yote hii! Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Umeambiwa leo," alijibu Bibi Mabel, "ukataka kumfukuza aliyekuambia."

Mjomba alirudi kukaa. Theodora alikwenda akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, Mjomba. Nilikupigia kelele mbele ya watu."

"Kelele nimekusamehe. Maneno sina cha kusamehe, yalikuwa ya kweli." Akamgeukia Priska. "Debe la pili limefika nusu, na kila shimo limechukua fungu lake. Ninyi mnafanyaje yasimwagike?"

"Tunatandaza majani juu, Mjomba."

"Basi kesho utanionyesha majani gani. Kuanzia sasa mimi na baiskeli ndio tutakaoleta maji ya nyumba hii."

"Watu watakucheka," alisema Mama mkubwa Isabela, ingawa sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

"Wamekwisha kunicheka leo. Na wacheke tena."

Bibi Mabel aliwaita wajukuu wake wawili wakae karibu naye. "Sikilizeni wote, na wewe Cyril pia. Anayetumia kitu bila kujua kimepatikana kwa jasho la nani, humwonea mwenzake bila kujua. Cyril aliosha baiskeli, na wewe Theodora jana ulimwaga beseni zima. Kosa ni lile lile. Hasira yako ya leo ilikuwa ya haki, mjukuu wangu. Ukiona mtu anaonewa, usinyamaze. Ila sema kwa namna ambayo yule anayekosea ataweza kusikia, maana ukimtukana atasikia tusi peke yake, na anayeonewa ndiye atakayelipa."

Theodora alimtazama Priska, akainamisha kichwa. "Nimesikia, Bibi."

Jumapili baada ya ibada, Mjomba Cyril alitandaza karatasi juu ya meza, akachovya kalamu katika wino, akaandika polepole kwa hati yake nzuri. Alipomaliza aliwasomea: kwamba yeye, mjomba wa Priska, anapokea nafasi ya shule kwa shukrani, na kwamba binti ataletwa Masasi siku ya kufungua shule. Priska alimwomba airudie mara ya pili, naye akairudia kwa sauti kubwa zaidi. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo Bibi akaleta uji mzito wa muhogo kwenye ncha ya kijiti, mjomba akapaka, akaikandamiza bahasha kwa kiganja mpaka ikashika.

Jumatatu lori likapita. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha Theodora kwao. Mjomba Cyril alimpa barua dereva, Bwana Fakihi, mkononi, aifikishe shuleni. Bwana Fakihi akaiweka katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, na lori likaanza kuteremka mlima kuelekea Masasi.