Waya Uliong'aa Kupita Kiasi

Piiip! Piiip! Mlio wa mashine ya kuhesabu ulipenya mlango wa maabara ukashuka hadi kwenye ngazi. Mtafiti, mkoba ukimchapa kiunoni, akazipanda ngazi zilizobaki mbili mbili.

"Milioni!" Fundi wa maabara, mchumba wake, alimpokea mikono juu. "Milioni kamili, mpenzi! Waya umejikunja na kujikunjua siku kumi na mbili bila kukatika. Mwambie daktari, Jumamosi tuoane!"

Miaka minne mtafiti alikuwa akiunda kilango kidogo kuliko punje ya mchele, cha kutoa maji ndani ya jicho lenye presha. Kilifunguliwa na waya mwembamba kuliko unywele: ukipata joto unajikunja, ukipoa unanyooka. Daktari wa macho alitaka ujikunje mara milioni, si pungufu. Mara mbili waya ulikatika njiani, na mara mbili harusi, iliyosubiri kazi hiyo iishe, ikaahirishwa. Safari hii fundi ndiye aliyeulinda, mtafiti, bibi harusi mwenyewe, akihangaika na maandalizi kwa mama yake.

Mtafiti akamwandikia daktari: "Umefika milioni."

Jibu halikuchelewa: "Hongera! Jumatatu naanza na mgonjwa wa kwanza. Amebakiwa na jicho moja. Anakuombea dua."

Akafuta machozi ya furaha, akaubana waya kwa kibano, akauweka chini ya hadubini.

"Unafanya nini?" fundi aliuliza.

"Picha ya ripoti."

"Picha itakimbia? Twende tukapime suti."

Mtafiti aliangalia, akazungusha lenzi, akaangalia tena.

"Huu waya nani kauweka?"

"Swali gani hilo? Wewe mwenyewe."

"Wangu ungekuwa umechakaa, umejaa nyufa. Huu unang'aa kama kijiko cha wageni."

"Labda safari hii umetengeneza waya bora."

"Usinisifu! Nakuuliza mara ya mwisho."

Fundi alitazama viatu vyake. "Ulikatika jana. Laki tisa na arobaini elfu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka mwingine. Namba sikuirudisha sifuri. Zilibaki sitini elfu tu, mpenzi!"

"Tu?" Kibano kiliruka kikagonga ukuta. "Mtu ana jicho moja, unamwambia 'tu'? Kilango kikigoma humo ndani, utampa lako?"

"Na mimi je?" Fundi naye aliwaka. "Mara mbili nimewarudisha wazee wangu! Wajomba wananiita bwana harusi mstaafu! Nimechumbia mwanamke mwenye mume, na mume mwenyewe waya!"

"Ungeniambia umechoka!"

"Nilikuambia. Hukuinua jicho kwenye hadubini."

Neno hilo lilimchoma mtafiti, kwa sababu lilikuwa kweli. Hasira ikapanda maradufu.

"Basi ungeniacha! Ungeniacha mimi, macho ya watu ukayaacha salama!"

Akachukua simu.

"Ukipiga, kazi sina," fundi alisema. "Na Jumamosi haipo."

"Nisipopiga, mimi sipo."

Simu iliita. Fundi akanyoosha mkono.

"Lete."

"Ili ukate?"

"Lete. Ulimi uliodanganya ni wangu."

Akampa simu.

"Daktari, mimi ni fundi wa maabara. Ile milioni ni uongo. Waya ulikatika, nikauficha. Mwenzangu hakujua. Jumatatu usimguse mgonjwa."

Matusi ya daktari yalisikika hadi dirishani. Fundi aliyameza yote.

"Usidhani nimekusamehe," mtafiti alisema simu ilipokatwa. "Kusema kweli si zawadi unayonipa."

"Sijaomba msamaha bado. Sina uso wa kuuombea."

"Na mama yangu? Yuko kwa fundi cherehani sasa hivi. Nani atamwambia?"

Fundi wa maabara akampigia mwenyewe, akaweka sauti kubwa.

"Mkwe wangu!" mama aliitikia kwa bashasha. "Gauni limekaa, hata pini halitaki!"

"Shikamoo, mama. Jumamosi hakuna harusi."

"Marahaba. Nini? Waya tena?"

"Hapana, mama. Safari hii ni mimi. Nimemdanganya mwanao katika kazi yake."

Cherehani ya upande wa pili ikanyamaza.

"Yupo hapo?"

"Yupo. Amenuna."

"Na anune! Angekuchekea ningemnunia mimi. Sasa kwangu unatafuta nini, kijana?"

Mtafiti alikuwa amegeukia ukuta, mikono kifuani, lakini hakuondoka. Fundi alimtazama mgongo, akanyanyua sauti ili asikie kila neno.

"Nakuahidi, mama, naye akisikia. Leo hii nauweka waya uliokatika mezani kwake, na kosa naliandika kwa jina langu. Posa yangu nairudisha mikononi mwake. Sitakanyaga mlangoni kwako kumposa tena mpaka aniite mwenyewe. Asiponiita, sitamlaumu yeye, wala sitaulaumu waya."