Ufagio Usiouliza

"Printa imekwama," sauti ya Mkuu wa upelelezi ilisema kwenye simu.

Hiyo ndiyo ilikuwa amri.

Ilikuwa saa nne na dakika nane asubuhi. Mkasi alikata simu, akafunga vifungo vya ovaroli lake la buluu, akaingia kwenye ghala la dawa kwa mlango wa mbele kama mtu aliyeitwa. Sanduku lake la vifaa lilikuwa na bisibisi tatu, laptop ndogo ya Lenovo na waya wa mtandao. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kulikuwa na bastola ya Glock.

Mlinzi alipekua juu juu, akaridhika.

"Ghorofa ya pili, dada. Na ile ya bosi iangalie, inakula karatasi hatari."

"Zote zina njaa," Mkasi alisema.

Mlinzi alicheka peke yake. Mkasi alikuwa na wiki tatu hajacheka, na hajalia pia. Mumewe alilazwa na homa ya mapafu, akachomwa sindano kumi na mbili za dawa ambayo baadaye maabara ilisema ni maji na chumvi. Alikufa siku ya nne. Watu wa ghala hili ndio waliovusha dawa hiyo mpakani.

Jana walivusha nyingine. Vichupa vilikuwa vimeshafika wodini.

Wodi zipi? Jibu lilikuwa kwenye tovuti yao ya siri, ambayo haikufunguka nje ya jengo hili. Saa tano kamili seva ingezimwa, ipakiwe kwenye gari na kupotea.

Mkasi alichomeka waya nyuma ya printa. Nywila alishaipata kwa karani waliyemfukuza.

Tovuti ilifunguka. *Jumla ya rekodi: 340.*

Usingeweza kuibeba hivi hivi. Kurasa zenyewe hazikuwepo popote. Ukibofya, ndipo seva inachota habari kwenye hifadhidata na kukupikia ukurasa papo hapo. Ili kuondoka nazo, ilibidi uagize kila ukurasa, mmoja mmoja, na kuuhifadhi ukiwa bado wa moto.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mbuzi. Ndivyo ofisi ilivyoiita programu yake, kwa sababu haikuchagua majani: iliuhifadhi ukurasa, kisha ikabofya kila kiungo ilichokikuta ndani yake. Mwaka juzi ilibofya neno "futa" mara elfu mbili kwenye tovuti ya wauza pembe za ndovu, na kesi ikafa. Tangu hapo Mkasi aliipiga marufuku kugusa kiungo chochote chenye neno hilo.

Kurasa ishirini. Hamsini.

Kisha akatazama juu ya skrini.

*Jumla ya rekodi: 291.*

Chini ya kila ukurasa palikuwa na picha ndogo ya ufagio, bila neno lolote. Mtu alikuwa ameufanya ufutaji kuwa kiungo cha kawaida kabisa.

Mbuzi alikuwa anafagia.

Mkasi aliweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, akakiacha hapo. Mbuzi huhifadhi kwanza, ndipo abofye. Kila kilichofutwa kilikuwa kimeshaingia kwake. Lakini sasa laptop hii ndiyo ingekuwa nakala pekee duniani. Ikianguka, wagonjwa wanaanguka nayo.

Aliondoa kidole.

Dakika kumi na tano baadaye mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Fundi aliyeijenga tovuti aliingia mbio, miguuni ana ndala.

"Dada, rekodi zinaisha! Umegusa nini?"

Akaona waya. Akaona Glock mkononi mwa Mkasi. Aliinua mikono, lakini macho yake hayakutoka kwenye skrini.

"Ufagio wako hauulizi," Mkasi alisema.

"Ulikuwa unauliza! Bosi akasema maswali yanamchelewesha."

"Nakala ya akiba?"

"Hataki. Anasema nakala ni ushahidi. Ataniua, dada. Nirudishie, nakuomba."

*Jumla ya rekodi: 0.*

Mbuzi akaandika: kurasa 340 zimehifadhiwa.

"Twende useme mahakamani kwamba tovuti hii uliijenga wewe," Mkasi alisema. "Au baki umweleze bosi hiyo sifuri."

Fundi hakuhitaji kufikiri.

"Mlango wa nyuma una kufuli la namba," alisema. "Naijua."

Ndani ya Toyota Noah iliyowasubiri nje, polisi wakiwa wameshalizingira ghala, Mkasi alifungua laptop. Hakukuwa na seva wala mtandao. Kurasa zilifunguka zote. Akachukua redio, akaanza na shehena ya jana: hospitali, wodi, idadi ya vichupa. Upande wa pili Mkuu na watu wake walipiga simu. Mahali pamoja nesi alikuwa tayari ameshika sindano.

Ukurasa wa ishirini na sita ndio uliokuwa wa mwisho wa shehena hiyo. Mkasi aliusoma kwa sauti ile ile.

"Hospitali ya mkoa. Wodi ya wanaume, namba tatu. Vichupa kumi na viwili."

Mkuu aliacha kupiga simu.

"Hiyo si ndiyo wodi ya..."

"Piga, Mkuu."

Zilipita dakika mbili.

"Wamewahi. Mgonjwa wa homa ya mapafu, alikuwa achomwe saa tano. Mkewe yupo pale, anauliza ni nani wa kumshukuru."

Mkasi alisubiri kitu kimjie kifuani, chochote kile. Hakikuja.

"Mwambie akae karibu naye," alisema.

Alimkabidhi Fundi na laptop kwa wenzake, akavua ovaroli, akalikunja vizuri kitini. Kisha akavuka barabara kwa miguu, polepole, kama mtu asiye na anayemsubiri nyumbani.