Aliyejibu Chini ya Daraja

Tangu asubuhi hatukuwa tumepata kitu. Jua lilipoanza kushuka upande wa mji wa Fall River, maji yakaanza kupwa, na mimi na shemeji yangu Anselmo, mume wa dada yangu, tukarudi kwenye kayaki zetu, mitumbwi myepesi ya mtu mmoja, kujaribu mara ya mwisho. Ilikuwa Novemba. Samaki waitwao besi wa mistari walikuwa wakihamia kusini, na maji yakipwa husimama kwenye kivuli cha daraja, vichwa vikielekea mkondo, wakingoja chakula kiwafikie.

"Shemeji Odete, utarudi na mkunga yuleule wa chambo uliyekuja naye," Anselmo alisema, akinipa ndoo ya chambo.

"Na wewe utarudi na hadithi. Dada amezichoka."

"Graça? Anaolewa nami upya kila nikirudi."

Tukaachana. Yeye alikwenda upande wa pili, kwenye nguzo ya daraja la zamani iliyobaki peke yake mtoni. Mimi nikabaki kivulini.

Chini ya daraja huwezi kumwita mtu. Magari juu humeza sauti. Sisi wa kayaki tunagonga. Unagonga ubavu wa kayaki kwa kasia, mara mbili: upo? Mwenzako anagonga mara mbili: nipo. Ukigonga mfululizo, una shida. Kila mtu mtoni anajua hivyo, na anajua pia kwamba kugonga kasia mara moja tu hutawanya samaki wote walio chini yako.

Walikuwa chini yangu. Niliona migongo yao.

Ndipo Anselmo akagonga. Mara mbili.

Sikujibu. Nikajiambia, dakika moja tu.

Akagonga tena. Kisha akagonga mfululizo, haraka haraka, bila mpangilio...

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeshika mshipi, na mshipi ulikuwa umeanza kusogea.

Samaki akameza. Alikuwa mkubwa kupita kipimo, wa kurudishwa majini kwa sheria. Hata nyumbani nisingemfikisha. Nilichokuwa nakipigania ni picha.

Nikiwa bado navuta, kugonga kule kukajibiwa.

Mara mbili. Taratibu. Kutoka kwenye nguzo ya zamani.

Nikashusha pumzi. Kuna mvuvi mwingine, niliwaza. Amemfikia. Nikamwinua samaki, nikampiga picha, nikamwachia. Nilipoinua kichwa, kayaki ya Anselmo ilikuwa inapita na mkondo. Imepinduka.

Hapakuwa na mvuvi mwingine.

Nilipiga kasia hadi mabega yakawaka. Karibu na nguzo kulikuwa na harufu ya matope ya chini kabisa, matope yasiyoona jua. Anselmo alikuwa amening'inia kwenye chuma kilichotokeza kwenye nguzo. Jaketi la kujiokolea halikuwa mwilini. Alikuwa amelivua mchana kwa sababu ya joto la jua, na sikumwambia alivae. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika chuma.

Mkono mwingine ulikuwa umeshaachia.

"Anselmo. Usiachie."

Alinitazama. Akatazama maji chini ya miguu yake. Akanitazama tena.

"Shemeji," alinong'ona, "mko wangapi?"

Nikamkamata ukosi. Alikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Nikamvuta kifua juu ya kayaki yangu, nikapuliza filimbi bila kukoma, mpaka mzee Whitcomb, mlinzi wa gati, akaja na boti yake ya injini.

Kibandani kwake alimfunika blanketi na kumpa chai. Nikamweleza kuhusu kule kugonga kulikojibu.

"Nguzo ile ni tupu ndani," Whitcomb alisema. "Mwangwi. Watu wengi wameudhania mtu." Akavaa kofia yake. "Mimi siendi pale maji yakipwa." Akatoka kwenda kumpigia simu dada yangu.

Tukabaki wawili. Meno ya Anselmo yalikuwa yanagongana.

"Ulinijibu," alisema. "Ndiyo maana sikuogopa. Nilijua unakuja."

Nikamrekebishia blanketi mabegani.

"Lakini Odete, mbona uliniambia niachie?"

"Nini?"

"Ulisema, achia, niko hapa, nitakudaka. Sauti yako. Uliniita shemeji. Nikaachia mkono mmoja. Kisha nikakuona unakuja kutoka kule kwingine." Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi. "Sitaki kumwambia Graça jambo nisilolielewa. Ulikuwa wewe, au hukuwa wewe?"

Ningesema hapana, angeuliza: basi ulikuwa wapi nilipokuwa nagonga? Picha ilikuwa kwenye simu mfukoni mwangu. Nje, nilisikia Whitcomb akimwambia dada yangu kwamba mumewe yu hai kwa sababu yangu.

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Nilidhani niko karibu zaidi. Nilikosea. Nisamehe."

Akaweka kikombe chini, akasogeza kiti chake nyuma kidogo, mbali na changu.

"Sawa," alisema polepole. "Ila ile sauti, shemeji... ilikuwa inatoka chini ya maji."